Mpini wa Kamera

Katika kampuni ile ndogo ya sinema zisizo na sauti, Badawi ndiye aliyezungusha mpini wa kamera. Mbele yake mwigizaji Sikitu alikuwa ameketi, simba wa kukodi amelaza kichwa mapajani mwake.

Mkanda ukaisha. Badawi akaacha kuzungusha. Simba akafumbua macho, akanguruma.

"Zungusha, bwana!" mfugaji wa simba huyo akanong'ona. "Mlio huo ndio unaomtuliza. Nakimbilia mnyororo."

Badawi akazungusha kamera tupu. Simba akasinzia tena.

"Kaka Badawi," Sikitu akasema, "usichoke."

"Nichoke nini, dada? Mwenyewe umependeza hivyo."

Lakini mkono ulikuwa ukimfa ganzi, na mfugaji hakuwa amerudi. Mpini ulipopunguza mwendo, ncha ya mkia wa simba ilianza kupiga mchanga, taratibu.