Kipimo cha Mwanzi

Kibwana alikuja makaburini moja kwa moja kutoka mji wa pili kati ya mitatu inayozika hapo, ule ambao adhana yake husikika pale pale makaburini. Alimkuta Mzee Ngwali, mchimbaji, ndiyo kwanza anataka kutuma mtu msibani akapime urefu wa maiti.

"Ya nini kusumbua watu?" Kibwana akasema. "Nipime mimi. Mimi na baba kimo kimoja, nani asiyejua?"

Mzee Ngwali akakata mwanzi kwa urefu wa Kibwana, akachimba.

Maiti alipolazwa kaburini, miguuni pakabaki pengo la shibiri mbili. Maradhi yalikuwa yamemkunja. Majirani waliomlisha uji kwa kijiko miaka mitatu wakainamisha macho.

"Ndiye baba huyu?" Kibwana akauliza.

"Alikuwa kama wewe," Mzee Ngwali akamjibu, "ulipomwona mara ya mwisho."

Akauchukua ule mwanzi, akaukata ulingane na maiti, kipande kilichobaki akampa Kibwana.

Watu wa miji yote mitatu walipopanga foleni kumpa mkono wa pole, alikuwa bado amekikamata kwa mkono wa kulia, na hakuna aliyemwambia akiweke chini.