Awe wa Kwanza Kesho

Gari lilikuwa limeshawaka, Sista Generosa kiti cha mbele, anahamishiwa parokia ya mbali, ndipo Ladislaus, mpishi wa jiko la maskini, alipokimbilia dirishani na upawa mkononi.

“Sista, unaniacha na watu mia tatu!”

“Tulianza na kumi, Ladi. Hatujamrudisha mtu. Wakizidi, ongeza maji.”

“Maji ninayo, Sista. Maharage ndiyo sina.”

Sista akambariki, gari likaondoka.

Nyuma ya kanisa foleni ilishafika barabarani. Ladislaus akaongeza maji, akaongeza tena. Mzee Kizito akachungulia bakuli lake. “Ladi, leo tunakula au tunabatizwa?” Watu wakacheka, wakanywa.

Mwisho kabisa alisimama mama mwenye mapacha. Ladislaus akakwangua sufuria, akapata maji ya moto yenye rangi ya maharage. Akaona aibu kumpa, akaona aibu kumnyima.

“Kimekwisha, mama,” akasema, mara ya kwanza jikoni humo.

Mama akaketi pale pale vumbini, awe wa kwanza kesho.

Sista alifia huko alikopelekwa. Mzee Kizito alichukuliwa na bintiye. Pacha mmoja alikua, mwingine hapana. Ladislaus bado anapika, na foleni imeshalipita soko.