Maswali ya Habiba wa Mbugani

Siku ya kwanza Habiba alipomwuliza Andongwisye kama mkojo wake una damu, dukani walikuwamo wanawake wawili wakichagua vitenge. Wote wawili waliacha kuchagua.

Andongwisye alikuwa amefuata chandarua tu. Alikuwa mkulima wa kakao, mgane wa miaka arobaini na kitu, na hakuzoea kuulizwa mambo kama hayo na mwenye duka asiyemjua. Alijibu kwa sauti ya chini kwamba hapana, akalipa, akaondoka bila chandarua. Habiba alimkimbilia nacho hadi barabarani. Huko akamwuliza kama ubavu humuuma, na vile vipele vya usoni vilimwanza lini.

Vilikuwa vidogo, vigumu, vyeupe kama chenga za mchele, vimetapakaa puani na mashavuni. Havikumwasha wala kumuuma. Marehemu baba yake, Mzee Hezroni, baharia wa meli ya ziwani aliyekuja kuwa mzee wa kanisa, alikuwa navyo pia. Kijijini waliviona ni sura ya mtu tu.

Njiani Andongwisye aliwaza. Tangu mkewe afariki, hakuna mwanamke aliyekuwa amemtazama usoni muda mrefu vile. Juma lililofuata alirudi kununua chandarua kingine, na baada ya hapo kingine tena. Kila mara Habiba alimwuliza kama ameshakwenda hospitali kupimwa figo. Mwishowe alichukua namba yake ya simu, akawa anampigia asubuhi kumwuliza lile lile.

Andongwisye alimsimulia baba yake mdogo, Mzee Ambwene, akasema mwanamke anayehangaikia figo zako kiasi hicho hana utani. Mzee Ambwene alikiri hajawahi kusikia mapenzi ya namna hiyo, ila watu wa mjini wana mambo yao.

Basi Andongwisye alikwenda hospitali, ili kumfurahisha Habiba. Alinyoa ndevu, akavaa shati la kanisani. Alimkuta Habiba mlangoni, ameshaongea na daktari.

Daktari alimpaka mafuta ya baridi tumboni, akapitisha kifaa cha kupigia picha za tumbo huku akizungumza habari za mvua. Alipofika ubavu wa kushoto alikirudisha nyuma, akatazama tena.

Kulikuwa na uvimbe kwenye figo. Ulikuwa bado mdogo. Daktari alimweleza kwamba katika koo nyingine vipele kama vile hufuatana na uvimbe wa figo, na mzazi humrithisha mtoto. Ukigundulika mapema hukatwa, mtu akaendelea na maisha yake. Kisha akamwuliza kama ana ndugu, nao wapimwe.

"Sina," Andongwisye alijibu. "Nimezaliwa peke yangu."

Daktari alimtupia jicho Habiba. Habiba akainama, akaanza kurekebisha mtandio ambao ulikuwa umekaa sawa kabisa.

Alipasuliwa Mbeya. Walikata uvimbe, figo wakamwachia. Alipozinduka alimkuta Habiba amekaa kando ya kitanda na chupa ya uji. Hapo ndipo Andongwisye alipomkumbuka baba yake, tumbo lilivyomvimba miezi ya mwisho, damu ilivyokuwa ikimtoka, na majirani walivyonong'ona kwamba amerogwa. Aliona wazi kwamba naye alikuwa katika njia hiyo hiyo. Machozi yakamtoka. Akasema ndaga, neno la shukrani la kwao. Habiba akamfuta uso kwa pindo la khanga.

Siku hiyo aliamua kumwoa.

Mzee Ambwene alisita, maana Habiba ni Mwislamu na wao ni watu wa kanisa. Andongwisye alimjibu kwamba yeye hawezi kuanza kumhoji mtu aliyemrudishia uhai anasali wapi. Jumamosi moja, kidonda kikiwa kimepona, wakaenda Mbugani kwa Habiba na mkungu wa ndizi na mchele. Mzee Ambwene alivaa koti katika joto lile, na njia nzima alikuwa akirudia maneno ya posa chini kwa chini.

Habiba aliwakaribisha sebuleni, nyuma ya duka. Kaka yake, Hamza, akaingia akiwaongezea viti, akitembea polepole na mkono ubavuni kama mtu aliyetoka kushonwa si zamani. Mzee Ambwene alisimama kumpa mkono. Akamtazama usoni, puani na mashavuni, na maneno yote ya posa yakamwisha. Aliketi bila kuambiwa, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Andongwisye, akiona mshenga amekwama, alizungumza mwenyewe. Alisema amekuja kumposa Habiba.

Hamza aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Habiba alimimina chai kwanza, akampelekea mzee kikombe kwa mikono miwili.

"Shikamoo, baba mdogo," alimwambia.

Andongwisye akatabasamu, akidhani amekubaliwa.

"Na wewe, kaka, nisamehe," Habiba alisema, akimgeukia. "Mama alituapisha tusimchafulie marehemu Mzee Hezroni jina. Lakini daktari wa Hamza alitaka tuwatafute watoto wote wa baba. Wewe tumekupata. Bado wa Ipinda na wa Matema."