Waya Ndani ya Shati

Siku hizi mashati ya polisi yana waya ndani. Risasi zikilia shuleni, shati hukakamaa, na askari huganda getini mpaka mtambo wa makao makuu umpe ruhusa ya kuingia. Mwanangu Ambakisye analinda shule anayosoma binti yake, Tunsume. Basi jana nikachukua wembe, nikafumua pindo la shati lake, nikauvuta ule waya wote.

"Mama! Watanifukuza kazi!"

"Wakufukuze. Mjukuu wangu hatakufa baba yake akiwa getini kama sanamu."

Akalivaa shati, akanyoosha mikono. Likamlegea mwilini. Uso ukambadilika.

"Sasa nikisimama pale getini, Mama, itakuwa ni woga wangu mwenyewe."

"Ndiyo, baba. Haya, nenda kazini."