Pistoni Isiyotaka Kurudi

Pistoni ilitoka tena, taratibu, kama ulimi wa mtoto anayekudhihaki.

Mkwe alikuwa amechuchumaa kwenye gurudumu la nyuma la gari kuukuu la mama mkwe wake, tairi pembeni, grisi hadi viwikoni. Pedi mpya za breki ni nene, haziingii mpaka pistoni, ile inayozisukuma breki ikikanyagwa, irudi ndani. Naye akiibana kwa kibano inarudi, akipumua kidogo, hiyo imetoka.

Na asubuhi alishajigamba: "Fundi wa nini, Mama? Kazi yenyewe ndogo!"

"Zee kaidi hili," akanung'unika.

"Usilitukane, mwanangu," sauti ikajibu kutoka ndani ya gari. "Linasikia."

Akainua kichwa. Mama mkwe yuko kiti cha dereva, kakamatia usukani kwa mikono miwili, jasho linamtiririka. Aliingia saa ngapi?

"Mama... mguu uko wapi?"

"Kwenye breki, baba. Naikanyaga lisije likakuponda. Kila nikisikia unahema, naongeza."

Mkwe akafumba macho. Matusi yote aliyowahi kuyasikia gereji yalimjaa mdomoni, lakini huyu ndiye aliyemzaa mkewe. Akayameza moja moja.

"Ahsante, Mama. Sasa achia tu. Nimelizuia kwa mawe."

Akaachia. Mkwe akabana, pistoni ikazama ndani na kutulia, haina neno.

Mama mkwe akachungulia dirishani, akajipangusa uso kwa upindo wa kanga.

"Umeona? Peke yako ungekesha hapo."