Dawa ya Shaba

Kwenye kliniki moja ya Kibuli, mtoto wa jirani alivua kofia, na Alanyo akaona nywele zimeota pale palipokuwa na mabaka ya choa. Akakumbuka alivyomfokea daktari aliyetaka kumjaribia bintiye dawa mpya yenye madini ya shaba, baada ya dawa zote nyingine kushindwa.

“Shaba ni ya nyaya za umeme, si ya kichwa cha mwanangu!”

Jirani yeye alikubali.

Sasa Alanyo alimshika daktari mkono. “Musawo, daktari wangu, nisamehe. Mpake na wangu.”

“Majaribio yamekwisha, mama. Na dawa yenyewe bado haijaruhusiwa kuuzwa.”

Alanyo aligeuka. Bintiye alikuwa akizipapasa taratibu nywele za mwenzake, huku mkono mwingine ukishikilia kitambaa chake kichwani kisiteleze.