Nyama ya Simba Kipofu

"Hivi jirani, nyama hiyo unayompelekea mjane wa watu kila Jumapili, ni sadaka au ni posa?"

Fundi cherehani wa mlango wa pili alimuuliza hivyo zamani, pini zikiwa mdomoni, na Kisu akacheka tu, akapita. Sadaka hutolewa na mwenye moyo safi, na posa hupelekwa na mwenye uso wa kutazamika. Yeye alikuwa na kilo yake ya nyama kwenye gazeti, basi.

Jumapili hii alivaa shati la pasi. Alikusudia kuposa. Lakini kwanza kulikuwa na jambo la kusema, na akishalisema, mjane angekuwa na haki ya kumfukuza kama mbwa.

Alipita njia ya bustani ya wanyama. Matingatinga yalikuwa yanang'oa vizimba. Watu wazima walijaa kwenye uzio wakiwaonyesha watoto wao: pale tulimrushia tembo karanga, pale nyani alimpokonya shangazi yako miwani. Mama mmoja alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Na pale," baba mmoja alisema, "ndipo alipokuwa akiingia Bwana Simba."

Nani hakumjua Bwana Simba? Simba wake alikuwa mzee, macho yote yameota ukungu, wakamwita Kipofu. Kila Jumapili Bwana Simba aliingia kizimbani bila fimbo, akakaa juu ya gogo, na Kipofu akaja akinusanusa, akamlalia miguuni kama paka. Alimjua kwa koti lake la kaki, koti ambalo kwa amri ya kazi halikuguswa na maji. Wenzake walimtania kwamba kwenye foleni yeye hasukumwi na mtu. Akitoka humo aligawa peremende, akawabeba watoto mabegani. Mtu wa watu.

Mpaka Jumapili ile Kipofu alipomrukia kooni, watoto wakitazama.

Simba alipigwa risasi kabla jua halijazama. Mwezi haukuisha, lango likatiwa kufuli. Mjini wakasema marehemu aliingia amelewa, na hakuna aliyewakanusha. Mkata nyama wa bustani, yaani Kisu mwenyewe, alikaa kimya kuliko wote.

Mjane alimpokea kama siku zote, chumba kimefagiwa, tasbihi mkononi. Kisu akakaa upande wake wa kulia. Sikio la kushoto la mjane halikusikia tangu alipoanguka bafuni, miaka ya mwanzo ya ndoa. Ndivyo mumewe alivyowaeleza kazini, akitikisa kichwa kwa huruma.

"Wanabomoa, shemeji."

"Nimesikia. Vumbi limefika mpaka kwenye kamba yangu ya nguo."

"Hukwenda kuaga? Mji mzima uko pale."

"Mimi sikuwa mtu wa kwenda kutazama simba. Wa kwangu alikuwa akirudi nyumbani jioni."

Kisu akacheka kidogo, kisha akaona kucheka si mahali pake. Akaiweka nyama mezani.

"Shemeji, mumeo hakuwa amelewa."

"Pombe hakunywa. Hilo nalijua."

"Basi sikia usilolijua. Mwaka ule walipunguza mgawo wa nyama. Na hicho kidogo, nusu nilikuwa naipeleka kwangu. Marehemu mke wangu alikuwa kitandani, watoto tumbo halina subira. Wiki ya mwisho nilichukua karibu yote, Kipofu nikamtupia mifupa. Mumeo aliingia kwa simba mwenye njaa. Na mimi nilikuwa nimesimama palepale, nimeshiba. Hii nyama ninayokuletea ndiyo ile, shemeji. Nairudisha, haiishi."

Mjane alichukua kile kifurushi, akakipeleka jikoni, akarudi akijifuta mikono. Kisu alikuwa ameinamisha kichwa, akisubiri kofi au mlango.

"Umelala na hilo miaka yote hii?"

"Halilaliki. Hunikalisha mpaka asubuhi."

"Pole, baba." Aliitamka polepole, kama mtu anayempa mwenzake pole ya msiba. "Na Mungu shahidi wangu, mimi sina la kukudai."

Kisu aliinua uso. Kifua kilimlegea kama gunia lililokatwa kamba. "Kama umenisamehe, shemeji, nilikuwa na neno lingine."

"Nimeliona tangu mlangoni. Limevaa shati la pasi." Alitabasamu, na Kisu akaona kwamba hajawahi kumwona akitabasamu. "Lakini sitaki uoe gizani. Umesema lako, nawe sikia langu."

"Nakusikia."

"Mnyama yule hakuwa na neno na njaa yako. Angekosa chakula mwezi mzima, bado angekuja kulala miguuni pa harufu anayoijua." Alizungusha punje moja ya tasbihi, kisha nyingine. "Jumamosi ile mume wangu alipochoka kunipiga, akalala. Nikalitia koti lake kwenye beseni la sabuni ya manukato, nikalisugua mpaka maji yakatoka meupe, nikalikausha kwa pasi. Asubuhi alikuwa na mafua, hasikii harufu. Aliniambia tu koti leo limekuwa jepesi. Nikamfunga vifungo mwenyewe, kimoja kimoja."

Kisu aliinuka, akavaa viatu vyake mlangoni, akatoka.